Wimbo Ndani ya Mngurumo

Nyumbani kwetu hakuna aliyehitaji saa ya kumwamsha. Mama aliamka kabla ya sisi sote, akawasha jiko, akateleka maji, na kabla hajamsemesha mtu yeyote aliimba. Hakupaza sauti. Nyumba za kambi ya shamba la chai hujengwa kwa safu zinazogawana kuta, na mama alijua kwamba upande wa pili kulikuwa na watu ambao zamu ya kiwandani ilikuwa imewarudisha kitandani muda mfupi tu uliopita. Aliimba kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenzake aliyeketi karibu. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa Mungu. Wa pili ulikuwa wetu: alitutia humo mmoja baada ya mwingine, baba na goti lake, ndugu zangu na mitihani yao, mimi na barabara yangu ya kwenda shuleni, akitupachika juu ya tuni ya zamani bila kujali kama maneno yalitosha au yalimwagika. Kisha alisema, "Haya, chai iko tayari," na siku ikaanza.

Nikiulizwa furaha ya kudumu inafananaje, jibu langu la kwanza ni asubuhi hizo. Nimesomea ualimu, na chuoni tuliandika insha nyingi kuhusu maisha mema na wajibu wa mwanadamu. Nilizipenda, na sijazitupa. Lakini mawazo yaliyomo niliyatambua kwa sababu nilikuwa nimeyaona tayari yakitembea kwa gambuti na aproni ya plastiki. Nilikulia karibu na mtu aliyekuwa na furaha, na nikaona kwamba furaha hiyo haikumshukia. Aliifanya kila siku, kama alivyofagia uwanja, na siku ambazo hakujisikia kufagia alifagia vilevile.

Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa wakaja Kericho kutafuta kazi kabla sijazaliwa. Baba aliajiriwa kiwandani, katika chumba ambamo majani yaliyonyauka husagwa na mitambo mikubwa ya kuzunguka. Mama akawa mchumaji. Waliposema "kwetu" walimaanisha kule walikotoka, na sisi watoto tuliposema "kwetu" tulimaanisha mteremko wa kijani ulioanzia mlangoni na kwenda hadi kwenye mstari wa mikaratusi. Hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Huko shambani ndiko wimbo wa mama ulikokuwa na kazi yake kubwa. Wachumaji husimama kila mmoja katika mstari wake, na asubuhi ukungu huwa mzito kiasi kwamba humwoni aliye mistari michache kutoka kwako. Unaona kofia tu, au kikapu kinachoelea juu ya michai. Mama alianzisha, na wanawake wakaitika kutoka kila upande wa mteremko, wengine juu, wengine chini karibu na mto. Aliyekuwa na jambo moyoni alimwambia mama mapema, wakati wa kufunga aproni: mtoto ana homa, mume hajatuma salamu, mama mkwe amelazwa hospitali ya Litein. Mama hakutoa hotuba. Alisubiri hadi kikundi kimeshika wimbo, kisha akaliweka jambo lile ndani ya ubeti, jina pamoja na haja yake, na mteremko mzima ukaitika "Bwana, mkumbuke." Kwa njia hiyo mtu aliyekuja kazini na mzigo aliusikia ukibebwa na sauti za watu ambao hakuweza hata kuwaona. Nilipokuwa msichana nilipeleka chakula shambani wakati wa likizo, na nilikuwa nikisimama barabarani nisikilize. Sijawahi kuingia katika kanisa kuu lolote lililonigusa kuliko ukungu ule.

Kisha mashine zikaja.

Mashine ya kuchumia chai ni kisu kirefu kama kitana, chenye injini ya petroli upande mmoja. Watu wawili huishika, mmoja kila ncha, wakitembea pande mbili za mstari wa michai. Wa tatu hufuata nyuma akishika mfuko mrefu ambamo majani hupulizwa. Watu watatu humaliza kazi iliyokuwa ya kundi zima. Wengi katika kikundi cha mama waliambiwa kwamba hawahitajiki tena. Baadhi walirudi makwao, baadhi wakaanza kuuza mboga sokoni, na mmoja, rafiki wa mama wa tangu siku yake ya kwanza shambani, alifunga virago akarudi upande wa ziwa bila kuaga vizuri, kwa maana hakutaka kulia mbele ya watu. Niliona jambo hilo kuwa si haki, na bado naliona hivyo. Sitaki yeyote atakayesoma kurasa hizi adhani kwamba ninachosimulia kuhusu furaha kinafuta hilo. Mtu anaweza kumshukuru Mungu na papo hapo akasema kwamba jambo fulani halikutendwa inavyopasa. Sioni mgongano wowote.

Mama alibakizwa kwa sababu ni mrefu na mikono yake haitetemeki. Alipewa ncha moja ya mashine na viziba masikio vikubwa vya rangi ya machungwa. Ncha ya pili alipewa mama mmoja Mkipsigis ambaye shamba lake dogo linapakana na kambi yetu, mwenye ng'ombe wawili na ulimi usiopumzika. Tunasali naye kanisa moja. Mfuko alipewa mama wa tatu, mpole, anayecheka baada ya wengine wote kumaliza kucheka.

Wiki ile ya kwanza mama hakuimba asubuhi. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha katika shule ya upili upande wa Kiptere, na nilikuwa nikirudi nyumbani kila Ijumaa. Jumamosi hiyo niliamshwa na kishindo cha sufuria, nikabaki nimelala nikisubiri kitu ambacho hakikuja. Chai ilimiminwa. Baba akanywa yake. Nilipotoka nje kupiga mswaki, jirani wetu wa ukuta wa kulia alinisimamisha.

"Mwalimu, hiyo redio yenu imeisha betri ama?"

"Redio gani?"

"Si ile ya saa kumi na moja. Juzi nimechelewa kazi kwa sababu yenu."

Nilicheka kwa adabu, lakini nilipoingia ndani sikuwa na kicheko chochote.

Wiki zilivyoenda, niligundua kwamba kimya chake hakikuwa cha asubuhi tu. Mama aliendelea kuomba. Alifungua Biblia, akasoma, akafunga macho, akasema maneno yanayofaa. Aliendelea kuwapelekea wagonjwa uji na kuwasalimia watu kwa mkono. Taratibu zake zote zilibaki mahali pake, lakini zilikuwa kama nyumba ambayo watu wamehama na vyombo vimebaki. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba taratibu njema za kila siku humlinda mtu. Sasa nilimwona mtu mwenye taratibu njema kuliko wote ninaowajua, na furaha ilikuwa imemtoka.

Nilijaribu kumsaidia kwa namna nilizozijua. Nilimnunulia spika ndogo iliyojaa nyimbo za kwaya. Aliishukuru, akaiweka juu ya kabati, akaifunika kitambaa alichokishona mwenyewe ili isishike vumbi. Nilimsindikiza kwenye mazoezi ya kwaya Jumamosi. Alifungua kinywa, na sauti ikatoka nyembamba, kama ya mtu anayeomba njia apite. Mwishowe nilimwuliza. Ilikuwa jioni, kabla baba hajarudi, naye alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga za managu.

"Mama, mbona siku hizi huimbi?"

"Naimba."

"Wapi?"

Akacheka kidogo. "Basi siimbi."

"Ni mashine inayokuchosha?"

"Kuchoka nimezoea. Hata kikapu kilichosha." Aliendelea kung'oa majani, akitupa vijiti upande. "Wewe hujawahi kuvaa vile vitu masikioni. Ukivaa, husikii mtu. Unajisikia mwenyewe tu, kama uko ndani ya pipa. Nikianza wimbo hakuna wa kuitika. Nikiweka jina la mtu ndani, nani atalibeba? Linanirudia. Natembea nalo mpaka jioni peke yangu."

"Lakini Mungu anasikia."

"Mwanangu, hilo sijasema hasikii." Alinitazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto aliyejibu swali ambalo hakuulizwa. "Mimi niliomba na watu tangu nilipookoka. Sijui kuomba kwa njia nyingine. Sasa nikiomba ni kama nasoma tangazo. Nimewaambia akina mama wa kanisa watafute mwingine wa kuanzisha nyimbo. Nitawashikilia mpaka ibada ya Shukrani, baada ya hapo nikae nyuma. Sipendi kusimama mbele ya watu nikifungua mdomo tu."

Niliingia ndani nikajifanya kutafuta chumvi. Mama kukaa nyuma! Nilihisi kana kwamba nimeambiwa paa litaondolewa. Na nilielewa kwamba halikuwa suala la cheo kanisani. Ikiwa angekubali kwamba sehemu ile ya maisha yake imekwisha, angezeeka mbele ya macho yetu akiwa mwema, mtiifu, na mwenye huzuni, na sisi sote tungejifunza kuiita huzuni hiyo utulivu.

Msaada ulitoka kwa mtu ambaye hakuna kati yetu aliyekuwa amemfikiria.

Baba yangu si mtu wa maombi marefu. Tulipokuwa wadogo tuligombea yeye aombee chakula, kwa kuwa sala yake ilikuwa "Bwana, asante, amina," na kijiko kilikuwa tayari hewani. Miaka ya kukaa karibu na mitambo imemfanya azungumze kwa sauti ya juu hata chumbani, na kwa hiyo huzungumza kidogo. Jumapili moja, tulipokuwa tumemaliza kula ugali na samaki, mama alisema kwamba wiki hiyo angemwendea mchungaji amwambie kwamba anatafutwa mtu wa kuchukua nafasi yake. Baba aliosha mikono polepole, akaifuta, akauliza:

"Kwa sababu ya kelele?"

"Kwa sababu ya kelele," mama akajibu.

"Unafikiri mimi huwa nafanya nini huko ndani?"

"Unasaga majani."

"Nasaga majani na naomba."

Mama alimtazama kama aliyesikia kwamba mumewe anajua Kichina. Mimi pia.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu zamani. Mimi na huyu mwenzangu wa upande ule wa mtambo. Si hatusikiani? Basi tunakubaliana zaburi pale mlangoni, kabla ya kuingia. Yeye anasema, leo ile ya mchungaji. Sawa. Tunaingia, mtambo unaanza, na sisi tunaanza. Nikifika mahali pa kuinua mkono nauinua kidogo, hivi." Aliinua mkono hadi usawa wa kifua, kwa aibu kidogo. "Yeye akifika anainua wake. Siku nyingine ananipita. Namwona ameshafika kwenye kikombe kinachofurika na mimi bado niko bondeni kwenye kivuli."

Tulicheka mpaka baba akajutia kusema. Kisha mama akasema kwa namna ambayo sikujua kama ni lawama au mshangao:

"Na miaka yote hiyo hukuniambia."

"Hukuniuliza. Na wewe ulikuwa unaimba. Mtu anamwambia nini mtu anayeimba?"

"Lakini sisi hatuwezi. Hatusikiani kabisa."

"Sisi tunasikiana? Tunaonana." Akainuka na sahani yake. "Mwenzako ana uso. Mwangalie."

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Baba alitoka nje kuketi kwenye jua, na mama akabaki mezani akikusanya miiba ya samaki kwa kidole, akiisogeza huku na huku. Nimeyafikiria mazungumzo yale mara nyingi. Kwa miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba nyumba yetu ilikuwa na mtu mmoja wa kuomba na mtu mmoja wa kusema amina. Kumbe baba alikuwa na chumba chake cha ndani, na ukuta wa chumba hicho ulikuwa ni ule mngurumo wenyewe.

Jumatatu mama alimweleza yule mama Mkipsigis walipokuwa wakichukua mashine kutoka stoo. Sikuwapo, lakini Ijumaa nilipofika nyumbani nilisimuliwa yote, na ilikuwa mara ya kwanza kwa kipindi kirefu kumsikia mama akisimulia jambo mpaka ugali ukapoa. Walikuwa wamekubaliana wimbo mmoja kutoka kitabu cha kanisa, ambao wote watatu waliujua. Wakavaa viziba masikio. Injini ikawashwa. Mama akaanza.

"Tulipofika mwisho wa mstari tukazima. Mimi nikasema amina. Mwenzangu ananitazama hivi. Ananiambia, 'Mama Mwalimu, amina ya nini? Mimi sijatoka ubeti wa kwanza! Ulikuwa unakimbizwa na nani?' Nikamwambia yeye ndiye anayeburuta wimbo kama ng'ombe anapelekwa josho. Akasema afadhali ng'ombe wake, maana ng'ombe wa watu wa ziwa ni samaki wanaoogelea."

"Na yule wa mfuko?"

"Yule alikuwa anaimba wimbo mwingine kabisa! Alisahau tulikubaliana upi, akaona haya kuuliza."

Siku zilizofuata hazikuwa bora sana. Walijaribu kutazamana usoni kama baba alivyosema, lakini mtu anayetazama uso wa mwenzake hatazami kisu, na mstari mmoja ulikatwa ukatoka na mawimbi, msimamizi akaja akifoka. Wakajaribu kutikisa vichwa, shingo zikauma. Mama angeweza kuacha wakati huo, na nadhani siku moja alikaribia, kwa sababu aliniambia kwa simu kwamba pengine jambo hilo linawafaa wanaume wanaosimama mahali pamoja.

Njia ilipatikana katika kazi yenyewe. Watu wawili wanaobeba mashine lazima watembee kwa hatua moja. Mmoja akitangulia, kisu huenda upande, na michai inayopaswa kuwa tambarare kama meza hubaki na vidonda. Walikuwa tayari wamejifunza kutembea pamoja, kila mmoja akiusikia mwendo wa mwenzake kupitia mpini. Mama Mkipsigis ndiye aliyeona kwamba basi wimbo nao uwekwe miguuni. Silabi nzito, hatua ya kulia. Mashine ikisimama, wimbo unasimama, ikisonga, unasonga. Yule wa mfuko alitazama visigino vyao. Wakachagua nyimbo za mwendo wa polepole kwa mistari ya kupanda, na za haraka kidogo kwa tambarare, na hakuna tena aliyelazimika kutazama uso wa mtu.

Yalibaki majina. Kwa hayo walitumia mwisho wa mstari, pale mashine inapozimwa ili igeuzwe na mfuko umwagwe. Huo ni muda mfupi. Mmoja hutaja jina na haja, wengine wawili huyarudia ili wasisahau, kisha injini huwashwa na mtu yule hubebwa mstari mzima. Mtu mmoja, mstari mmoja. Mama aliniambia kwamba zamani, katika ukungu, jina lilipita ndani ya ubeti likaenda zake. Sasa anakaa nalo kutoka barabarani hadi mtoni, na mara nyingine anapofika mtoni amekumbuka jambo la kufanya: kupiga simu, kupeleka maziwa, kuomba radhi.

Nilianza nami kufanya jambo dogo la namna hiyo. Kabla ya kuingia darasani husimama kidogo mlangoni, nikamtaja kimya mwanafunzi mmoja, kisha nafundisha kipindi kizima nikiwa naye moyoni. Wanafunzi hudhani ninasubiri wanyamaze. Si jambo la kujivunia, na siku nyingi halinipi hisia yoyote ya pekee. Ila nimeona kwamba ninamkasirikia kwa nadra mtu niliyeingia naye. Naamini sasa kwamba sehemu kubwa ya furaha ya Mkristo iko katika mambo yanayoshikizwa kwa kazi tunayoifanya hata hivyo: mlango, hatua, mwisho wa mstari. Neema haihitaji tutafute saa nyingine ya siku.

Lakini haya yote niliyajua kwa kusimuliwa. Nilikuwa sijayaona, na mama alikuwa hajaanza kuimba asubuhi, wala hakuwa amesema lolote zaidi kuhusu ibada ya Shukrani. Nilijizuia kumwuliza. Nilihofu kwamba swali langu lingekuwa kama mkono wa mtu anayefukua mbegu aone kama imeota.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane, nilirudi nyumbani, na siku moja ya baridi niliamua kuwapelekea uji shambani. Niliujaza kwenye chupa ya chai, nikachukua vikombe, nikapanda kwa barabara ya matrekta. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo mwekundu ulishika viatu. Niliisikia mashine muda mrefu kabla ya kuiona. Ni sauti inayojaza kichwa. Inakufanya usahau ulichokuwa ukiwaza. Nilipozunguka kona niliwaona, wakipanda kuelekea kwangu: mama upande wa kushoto, mwenzake upande wa kulia, yule wa tatu nyuma na mfuko uliovimba kama puto. Walivaa viziba masikio vya rangi ya machungwa juu ya vilemba. Walitembea kwa hatua moja, polepole, kama watu wanaobeba kitu kitakatifu kwenye maandamano. Na vinywa vyao vilikuwa vikienda.

Sikusikia neno hata moja. Nilimtazama mama. Alikuwa ameinua kidevu kidogo, kama alivyozoea kukiinua anapofika sehemu ya juu ya wimbo, na mshipa wa shingo ulikuwa umesimama. Alikuwa akiimba kwa nguvu zake zote. Mtu asingeweza kuimba hivyo kambini, penye kuta nyembamba, wala kanisani, penye watu wa kumtazama. Injini ilikuwa imemfunika, na ndani ya kile kifuniko alikuwa huru kabisa.

Walifika mwisho wa mstari, hatua chache kutoka niliposimama. Mama Mkipsigis akanyoosha mkono, akazima.

Sauti zao zikatokea ghafla hewani. Walikuwa katikati ya mstari wa mwisho wa ubeti, wote watatu, mahali palepale, kwa mwendo uleule, na hakuna mmoja aliyekuwa katika ufunguo wa sauti wa mwenzake. Wala katika lugha ya mwenzake. Mama alikuwa akiimba Kijaluo. Mwenzake alikuwa akiimba Kikipsigis. Yule wa nyuma aliimba Kiswahili cha kitabu. Kwa kuwa hakuna aliyesikia, kila mmoja alikuwa amerudi, bila kujua, kwenye maneno aliyofundishwa akiwa mtoto. Kabla ya hapo lazima walikuwa wakikamilisha ubeti mapema, wakafika mwisho wakiwa wamenyamaza. Siku hiyo injini ilikuwa imezimwa kabla ya wakati.

Wakatazamana. Wakavua viziba masikio.

"Wewe!" mama akasema. "Hiyo ni nini ulikuwa unaimba?"

"Nikuulize wewe! Nilidhani tunaimba wimbo wa kanisa, kumbe unaita samaki."

"Na wewe unaita ng'ombe!"

"Mungu ni wa Bomet, anajua Kikipsigis kuliko nyinyi nyote. Chenu anatafsiriwa." Alinigeukia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Chamgei, Mwalimu! Umesikia mama yako? Miezi hii yote nabeba mashine na mtu ambaye sijui anasema nini!"

"Nimesikia," nikasema.

Mama alikuwa ameinama, mikono juu ya magoti, akicheka bila sauti mpaka machozi yakashuka. Yule wa mfuko alikuwa bado anamwaga majani. Alipomaliza, alisimama wima, akafikiri kidogo, ndipo naye akaanza kucheka, na kicheko chake kikawaanzisha wengine upya. Nilimimina uji. Waliunywa wakiwa wamesimama, mvuke ukiwapanda usoni, wakiimbishana vipande vya ule wimbo ili kila mmoja asikie mwenzake anausemaje. Mama aliurudia mstari wa Kikipsigis, akaukosea, akarekebishwa, akaurudia tena. Sauti yake ilikuwa nene na ya karibu. Ilikuwa ile ya alfajiri, kando ya jiko.

"Na wale akina mama wa kanisa," mwenzake akamwuliza, akimrudishia kikombe, "wanaendelea kutafuta mtu wa kuanzisha nyimbo. Juzi wameniuliza kama namjua yeyote. Niwaambie nini?"

Mama alipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono. Alitazama chini mtoni, kisha akanitazama mimi, kama mtu anayeangalia kama kuna anayemtega.

"Waambie wamempata," akasema.

"Wamempata nani?"

"Wewe waambie hivyo tu. Na uwaambie safari hii nitaanzisha kwa Kikipsigis, ndio waheshimu."

"Na hiyo Kikipsigis yako! Watu watatoka nje." Lakini alikuwa ameshamshika bega, akalitikisa, na hakuliachia haraka.

Msimamizi alitokea kwenye barabara ya juu, akapunga mkono kuuliza kwa nini mashine imenyamaza. Wakarudi kila mmoja mahali pake. Mama akamtaja yule rafiki yake aliyerudi upande wa ziwa, aliyeondoka bila kuaga. Alisema amepata habari kwamba analima mtama na mgongo unamsumbua. Wenzake wakalirudia jina lake, mmoja baada ya mwingine, nami nikalirudia. Kisha wakavaa viziba masikio, injini ikawaka, na sikuwasikia tena. Nilikusanya vikombe, nikasimama pembeni mwa barabara nikiitazama miguu yao ikishuka, ikimbeba yule rafiki wa mama kati ya mistari ya chai, wa kulia pamoja, wa kushoto pamoja, hadi chini kabisa.